Chewa si mmoja: samaki wa baridi, maji moto, na kizimba cha Mombasa

Mombasa ukisema chewa, kila mtu anajua unamsema nani: samaki wa mwambani, mdomo mpana kama mfuko, mwili wa madoadoa, anayekaa pangoni akingoja chochote kipite mbele yake. Shida inaanzia kwenye menyu za hoteli za Nyali na Bamburi, ambako Kiingereza chake humwita kodi wa miamba. Mtu akishasoma jina hilo, halafu akasikia kwamba Wanorwei wanafuga kodi kwa maelfu ya tani ndani ya vizimba vya nyavu, anakuja mbio na swali: bahari tunayo, vijito vya maji ya chumvi tunavyo, nyavu tunazo, sasa tumekwama wapi?

Tumekwama kwenye jina. Yule wa Norwei, ambaye wenyewe humwita torsk na wataalamu Gadus morhua, si ndugu wa chewa wetu wa ukoo wa Epinephelus hata kidogo. Hapa tutamwita chewa wa baridi. Neno kodi tuliache, maana Mombasa kodi ni ya nyumba au ya KRA.

Chewa wa baridi hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 8 na 14 hivi. Wadogo wanapenda upande wa juu, wakubwa upande wa chini. Maji yakikaa juu ya nyuzi 16 kwa wiki kadhaa, anapunguza kula na maradhi yanapata mlango. Sasa tazama maji yetu. Kusi ikiwa imekomaa, Agosti, maji ya juu hushuka hadi karibu nyuzi 25, basi. Machi na Aprili, kaskazi imeshalegea na bahari imetulia, yanafika nyuzi 29 au 30, na ndani ya kijito maji yakipwa mchana yanazidi hapo. Kinachomfaa yule samaki na tulicho nacho sisi vimepishana kwa nyuzi 11 hata katika mwezi wetu wa baridi kabisa.

Kuna wanaosema maji yapozwe. Hesabu yake ni fupi na inafaa ifanywe mara moja ili swali lizikwe. Chukua kizimba kidogo cha mita 4 kwa 4, wavu wa kina cha mita 3. Mkondo wa kawaida tu, sentimita 10 kwa sekunde, ukipita kwenye ubavu wa mita za mraba 12, unapitisha lita 1,200 za maji kila sekunde. Kuyashusha hayo kutoka nyuzi 28 hadi 10 kunahitaji kuondoa joto la megawati 88 hivi mfululizo, usiku na mchana. Hata mashine nzuri ya kupoza ingekula karibu megawati 25 za umeme. Mtambo wa Kipevu III, pale ng'ambo ya bandari, ulijengwa kwa uwezo wa megawati 120. Yaani kizimba kimoja, chenye samaki wasiofika nusu tani, kingemeza moja ya tano ya mtambo mzima. Na maji uliyoyapoza yanakwenda zake na mkondo!

Kuzamisha kizimba kilindini hakusaidii pia. Maji ya nyuzi 10 katika bahari yetu yako mamia ya mita chini, gizani, na hewa huko ni haba. Matangi ya nchi kavu yanayozungusha maji yale yale yanawezekana kifundi, kwa sababu baridi haikimbii. Lakini kila mita ya ujazo unayoipoza kwa mara ya kwanza inadai kuondoa takriban kilowati-saa 20 za joto, na kuilinda isipate moto tena Mombasa ni bili ya kila siku. Samaki huyo akivuliwa huko kwao, akagandishwa na kuletwa kwa meli, bado atakuwa na bei ya chini kuliko wa tangi lako.

Kwa hiyo kumfuga chewa wa baridi Mombasa hapana. Ila waliomfuga kwao waliumia kwa namna ambayo mtu wa vizimba pwani hii anapaswa kuijua kabla hajanunua boya la kwanza. Maji hayakuwaangusha; maji walikuwa nayo. Waliangushwa na vifaranga, na tabia ya samaki mwenyewe, na samaki wa mwituni aliyekuja sokoni kwa wingi. Yote matatu yapo hapa pia, yakimngoja anayetaka kufuga chewa wa kwetu.

Norwei walianza kwa kishindo miaka ya 2000. Teknolojia ya samoni ilikuwepo: vizimba vya duara vya plastiki vyenye mzunguko wa mita 160, nyavu za kina cha mita 20 na zaidi, yaani mita za ujazo 40,000 ndani ya kizimba kimoja. Walidhani watabadilisha samaki tu. Kufikia 2010 walikuwa wanazalisha takriban tani 21,000 kwa mwaka. Miaka mitano baadaye karibu vizimba vyote vilikuwa vitupu. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulikausha mikopo, halafu chewa wa mwituni katika Bahari ya Barents wakaongezeka mpaka mgao wa uvuvi wa 2013 ukafika tani milioni moja. Bei ikaanguka. Mfugaji anayelisha samaki miaka miwili hawezi kushindana na samaki aliyejilisha mwenyewe. Tangu hapo mgao umeshuka sana, ukafika tani 340,000 kwa 2025, bei imepanda, na ufugaji umerudi tangu karibu 2020, safari hii kwa vifaranga vya vizazi kadhaa vya uteuzi vilivyozoea kufugwa. Ajabu ni kwamba siku hizi kabla ya kutazama hali ya vizimba vyao, wafugaji wa huko hutazama kwanza mgao wa wavuvi.

Tuanze na kifaranga, maana hapo ndipo fedha inapopotelea kimyakimya. Samoni ana yai kubwa, na kitoto chake hula chakula cha chembe tangu siku ya kwanza ya kula. Chewa wa baridi hutoa mayai mengi mno, karibu nusu milioni kwa kila kilo ya uzito wa jike, lakini kila yai lina kipenyo cha milimita 1.2 hadi 1.6 tu. Kinachototolewa kina urefu wa milimita 4 au 5 na hakijui chakula kikavu. Lazima ufuge kwanza wadudu wa maji waitwao rotifa, kisha wengine wakubwa zaidi waitwao atemia, ndipo umwachishe polepole hadi chembe. Ni shamba juu ya shamba: mwani wa kulisha rotifa, rotifa wa kulisha samaki.

Chewa wetu ni mgumu kuliko huyo. Kitoto chake kinatoka yaini na milimita 2 au pungufu, na mdomo wake ni mdogo hata rotifa wa kawaida hawapiti. Huhitaji wale wa aina ndogo kabisa. Tena chewa wengi huzaliwa majike, na dume ni jike lililozeeka likageuka. Ukitaka madume ya kuzalisha unahitaji samaki wakubwa, wa miaka mingi, au utumie homoni. Ndiyo maana Asia ya Kusini-Mashariki, ambako wamemfuga kwa miongo, asilimia kubwa ya vichanga bado hufa katika mwezi wa kwanza kwenye vituo vya kutotolea. Mtu akikuambia atakuletea vifaranga 10,000 vya chewa wiki ijayo, muulize maswali matatu: wazazi wako wapi, vina umri wa siku ngapi, na vinakula nini leo. Kama bado vinakula atemia, usivipokee. Kizimbani hakuna atemia.

Njia iliyobaki kwa wengi ni kununua wadogo kwa wavuvi. Hapa ndipo somo kubwa la chewa wa baridi linapohamia moja kwa moja kwetu, nalo ni la kibofu cha hewa.

Samoni na mwatiko, samaki wa bwawani tutakayemrudia mwishoni, wana mrija kutoka kooni hadi kwenye kibofu. Wakipandishwa haraka hutoa hewa kama mtu anayecheua. Chewa wa baridi hana mrija huo kwa utu uzima, na chewa wetu vilevile. Hewa yao huingia na kutoka kupitia damu, polepole, kwa saa nyingi. Ukimvuta juu ghafla hewa inapanuka, tumbo linavimba, utumbo unasukumwa hadi mdomoni, na kibofu kinaweza kupasuka. Wanorwei walijifunza kwa hasara kwamba hata kuinua wavu kwa ajili ya kupanga samaki kunahitaji kufanywa kwa awamu. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: usipunguze shinikizo kwa zaidi ya asilimia 40 kwa mkupuo. Likipungua kwa asilimia 70 hivi, kibofu hupasuka.

Geuza hilo kuwa mita. Juu ya maji shinikizo ni 1, na kila mita 10 huongeza 1. Mita 20 ni 3. Mvuvi akimtoa chewa mita 20 hadi juu, shinikizo limeshuka kutoka 3 hadi 1, asilimia 67. Huyo ni maiti anayeogelea. Utamwona kwenye ndoo amegeuka tumbo juu, mvuvi atamtoboa kwa sindano hewa itoke, naye ataonekana mzima siku mbili tatu. Wengine hupona kweli. Wengi hupata kidonda ndani na kufa wiki ya pili, wakati umeshamlipa mvuvi na umeshasahau alitoka kina gani. Utaratibu unaofaa ni kuchukua wa dema, si wa mshipi, na dema lipandishwe kwa vituo: kutoka mita 20 hadi 8 (shinikizo kutoka 3 hadi 1.8, punguzo la asilimia 40), lifungwe kwenye boya likae usiku kucha, ndipo kesho yake lipandishwe hadi mita 1. Mvuvi hatapenda, kwa sababu dema limelala bila kazi. Mlipe usiku huo. Au nunua tu kwa wanaotega penye kina kisichozidi mita 6, ambako hata ukimpandisha moja kwa moja unapunguza shinikizo kwa asilimia 37 au 38.

Ndani ya kizimba chako cha mita 3 jambo hili halikusumbui. Chini ya wavu shinikizo ni 1.3 tu, kwa hiyo siku ya kuinua wavu wala usihesabu. Ni moja ya mambo machache ambayo udogo wetu unatufaa.

Jambo la pili katika tabia ni kulana. Hapo chewa wa baridi na wetu ni sawa kabisa. Mmoja akiwapita wenzake kidogo, anaanza na mikia, kisha anameza. Hujaribu hata mwenye urefu uliokaribia wake, na mara nyingi wote wawili hufa, mmoja amekwama kooni mwa mwenzake. Wadogo wa sentimita 5 hadi 10 wapangwe kwa ukubwa kila wiki bila kukosa. Wakipita sentimita 15, kila wiki tatu au nne inatosha. Kupanga kwenyewe si kazi ngumu: beseni lenye fimbo za plastiki zilizopangwa kwa nafasi sawa, samaki mwembamba anapita, mnene anabaki. Fanya alfajiri maji yakiwa na ubaridi, baada ya kuwanyima chakula siku moja, na mikono iwe imelowa. Anayesema hana muda wa kupanga samaki atawapata wamejipanga wenyewe: wachache, wakubwa, wameshiba.

Chewa wa baridi ana tabia nyingine iliyowagharimu: hutafuna wavu. Uzi ukilegea, au fundo likining'inia, atalidonoa siku nzima mpaka tundu lifunguke, na akipata tundu hulitumia. Kwetu mdonoaji mkubwa yuko nje. Kaa hupanda wavu kumtafuta samaki aliyekufa chini na kukata nyuzi kwa gando, na samaki wakali wa kijitoni huvutwa na harufu. Dawa ni kutoa maiti kila asubuhi na kuweka wavu wa pili wa nje, uzi mnene, macho ya sentimita 5, umeachana na wa ndani kwa nusu mita. Wavu wa ndani macho yake yawe sentimita 1 kwa wadogo wa sentimita 8, kisha sentimita 2.5 wakishapita sentimita 15. Usikae na macho madogo siku moja zaidi ya inavyohitajika. Sababu ni uchafu.

Katika maji ya baridi wavu huota mwani na viumbe vya baharini kwa miezi. Mombasa ni suala la siku. Wavu wa macho ya sentimita 1 uliowekwa mpya hujaa utelezi, mwani na chaza wachanga ndani ya wiki mbili, na ukiushika unauona umekuwa ukuta. Maji hayapiti, hewa haiingii, uzito unaongezeka, na mkondo wa bamvua (siku za maji makubwa) unaukunja wote upande mmoja kama pazia. Uwe na nyavu mbili za ndani kwa kila kizimba. Iliyo majini ibadilishwe kila wiki mbili ikiwa ni ya macho madogo, kila mwezi ikiwa kubwa. Iliyotoka itandazwe juani siku mbili tatu, ipigwe kwa fimbo, ioshwe, ikaguliwe jicho kwa jicho, ishonwe, iwekwe kivulini. Ukiiacha juani wiki nzima jua linaila nailoni.

Hewa yenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bahari ya nyuzi 10 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 28 hubeba 6.5 hivi yakiwa yameshiba kabisa, na samaki wa maji moto hupumua kwa kasi zaidi. Yaani tunaanza na akiba ndogo na matumizi makubwa. Saa mbaya ni alfajiri ya maji mafu (siku za maji madogo), mkondo umelala na mwani umekula oksijeni usiku kucha. Pima saa hiyo, si saa sita mchana. Ikishuka chini ya 4, usiwalishe mpaka maji yaanze kujaa. Kwa sababu hiyo tunashauri kilo 10 za samaki kwa mita ya ujazo, tukijua vizuri kwamba samoni wa Norwei wanaruhusiwa hadi 25.

Mahali. Watu huchagua kwa kutazama utulivu, na utulivu ndio unaoua. Kipimo cha mkondo hakihitaji mashine: tupa dafu, funga kamba ya mita 10, tazama saa. Likichukua sekunde 100, mkondo ni sentimita 10 kwa sekunde, sawa. Likichukua 20, ni sentimita 50, na hapo wavu wako utapeperuka. Pima siku za bamvua na siku za maji mafu, maji yakijaa na yakipwa. Kina kipimwe maji yakiwa yamekupwa kabisa siku ya bamvua, maana tofauti ya kujaa na kupwa Kilindini hupita mita 3. Wavu wa mita 3 unataka angalau mita 6 saa hiyo, ili mabaki ya chakula na kinyesi yasirundikane chini ya samaki.

Kijito cha Tudor kina kivuli cha upepo na mikoko mizuri, lakini kinapokea maji machafu ya mji, na masika ikianza, mito ya Kombeni na Tsalu huleta maji matamu na tope kwa siku kadhaa mfululizo. Chewa huvumilia chumvi ikishuka polepole. Kinachomuua ni tope mashavuni. Port Reitz ina Mwache upande wake, na zaidi ya hapo kuna meli, uchimbaji wa njia na mafuta. Mtwapa ni afadhali karibu na mlango, mradi usizibe njia ya boti. Mahali pazuri kuliko pote mara nyingi pana wavuvi tayari, na bila kuzungumza na kamati ya usimamizi wa ufuo kwanza, kizimba kitakatwa kamba usiku. Tena watakuwa na haki ya kukasirika.

Nanga za viwandani zina bei. Pipa la lita 200 likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo 480 nchi kavu, na likizama linabaki na uzito wa kilo 275 hivi. Manne yanatosha kizimba cha mita 4 kwa 4, moja kila pembe, kamba ikiwa na urefu mara tatu ya kina maji yakiwa yamejaa. Kamba fupi ni kosa la kila mgeni: maji yakijaa bamvua, kizimba kinavutwa chini upande mmoja na samaki wanatoka juu ya wavu. Fremu ya nguzo za mvinje hufaa mwaka mmoja au miwili kabla ya wadudu wa baharini kuitoboa. Chini yake funga mapipa ya plastiki yaliyozibwa vizuri.

Sasa weka namba pamoja. Kizimba cha mita za ujazo 48, kwa kilo 10 kila mita, kinatoa kilo 480. Samaki wa gramu 600, hao ni 800. Kwa wadogo walionunuliwa vizuri, tegemea sita kati ya kumi wafike mwisho, kwa hiyo anza na 1,350. Ukiwalisha samaki taka, yaani dagaa na vipande visivyonunuliwa, utahitaji karibu kilo 7 kwa kila kilo inayoongezeka, jumla tani 3 na zaidi. Ukitumia chembe nzuri, ni kilo 1.8 kwa kilo, karibu kilo 860. Samaki taka wanaonekana rahisi mpaka kusi ivume wiki tatu, mashua zisitoke, na chewa wako waanze kulana. Chembe ziwe na protini ya asilimia 45 hadi 50 na mafuta yasizidi 15 hivi. Chewa wa baridi walipolishwa chakula cha samoni chenye mafuta mengi hawakunenepa nyama. Mafuta yalijaa kwenye ini. Wetu hutunza mafuta tumboni. Ukipasua samaki ukakuta yamezunguka utumbo kama samli, unalipia kitu ambacho mnunuzi anakitupa.

Kukomaa mapema, kulikowatesa Wanorwei, hakutuhusu. Wao huona samaki wa miaka miwili akigeuza chakula kuwa mayai kabla hajafika kilo 3 au 4 za soko, na kuwasha taa ndani ya maji usiku kucha kumchelewesha. Sisi tunamuuza chewa akiwa bado mtoto.

Ugonjwa unaotuunganisha ni ule wa virusi vya noda, vinavyoshambulia ubongo na macho, nao humpata chewa wa baridi na chewa wetu pia. Samaki mdogo hubadilika rangi kuwa mweusi, huzunguka kama pia, huelea ubavu. Kizimbani hauna tiba. Kinga ni kupima wazazi kabla ya kuchukua mayai na kutochanganya vifaranga vya sehemu mbili. Minyoo bapa ya ngozini inatibika: maji matamu, dakika 5 hadi 10, mashine ya hewa ikifanya kazi, ukimtazama samaki muda wote. Maji matamu Mombasa ni ya kununua kwa mtungi, kwa hiyo tumia pipa moja la lita 200 kwa makundi madogo.

Vibali tuvitaje tu: idara ya uvuvi chini ya sheria ya 2016, NEMA kwa tathmini ya mazingira, bandari kama uko karibu na njia ya meli. Kuleta samaki hai wa kigeni ni kesi nyingine kabisa, na hapa hakuna sababu ya kuifungua.

Maoni yetu, baada ya yote hayo, ni kwamba anayeanza asianze na chewa yeyote. Aanze na mwatiko bwawani nyuma ya mikoko, au mkizi. Mwatiko ana mrija wa kibofu, hali wenzake, hula mwani unaoota wenyewe, huvumilia chumvi ikipanda na kushuka, na wadogo wake huletwa na maji ya bamvua. Ana miiba, ndiyo, na bei yake haifiki ya chewa. Lakini ukimpoteza unapoteza kidogo. Aliyemweza mwatiko misimu miwili, akajua kupima hewa alfajiri na kuandika daftari la chakula, huyo aongeze kizimba kimoja cha chewa, si vitano. Na kabla ya kukiweka azungumze na mnunuzi, kwa sababu kaskazi bahari ikitulia wavuvi huleta chewa wengi na bei hulala. Mfugaji auze kusi, wakati mashua zimefungwa. Ukihesabu nyuma miezi 12 hivi ya kumkuza, wadogo waingie majini kusi ya mwaka uliotangulia, Juni au Julai, masika yakishaondoka na tope lake.

Siku ya kuvuna, wamekaa bila chakula saa 24 hadi 48 ili utumbo uwe mtupu. Toa saa kumi na moja alfajiri. Barafu iwe imeshafika ufuoni kabla wavu haujainuliwa, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, iliyopondwa, ikichanganywa na maji ya bahari iwe uji. Samaki aingie humo akiwa hai. Kule kwao, Lofoten, humning'iniza chewa wa baridi kwenye vichanja hewani tangu Februari hadi Mei, bila chumvi, kama ng'onda asiye na chumvi, na haharibiki. Mombasa una saa mbili.